Nilimfukuza Mama Kazi, Sasa Hataki Kula

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho wa barua, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu tangu Ijumaa na sijapata nafuu yoyote. Ni msomaji wako wa miaka mingi, huwa nacheka peke yangu unapowakaripia waume za watu, sikujua kwamba iko siku nitakaa mezani asubuhi kweupe, kalamu mkononi, nikuandikie ya kwangu, huku mama yangu mzazi yuko chumba cha pili, ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni na furushi la nguo pembeni, anangoja ruhusa yangu ya kuondoka katika nyumba ambayo ni yake, aliyoijenga mwenyewe chumba kimoja kimoja.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, sina mume, tulishaachana zamani na hayumo katika habari hii. Kazi yangu ni kuchapa nyaraka za watu hapa hapa nyumbani, barua za ofisi, mihtasari ya vikao, tasnifu za wanafunzi, na kazi hii ya nyumbani niliichagua miaka minne iliyopita ili nimwangalie mama, ambaye sasa ana miaka sabini na saba. Alianza kwa kusahau majina, akaja akasahau njia ya kurudi kutoka dukani, akasahau sufuria motoni mpaka ukuta wa jiko ukawa mweusi, mwisho akanisahau mimi. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, ubongo unachakaa, dawa ya kuuponya hakuna, tumvumilie tu. Nimevumilia, mshauri, Mungu anajua nimevumilia, namwogesha, namvisha, namlisha, nalala sikio moja likiwa wazi, na katika miaka hiyo yote kaka yangu, ambaye anaishi mji mwingine, amekuja mara tano, kila mara anakaa sebuleni bila kuvua koti na kuniambia, "Dada, unajitahidi sana," halafu anaangalia simu.

Ili unielewe inabidi nikueleze kazi aliyokuwa akifanya mama. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali, kufua, kupiga pasi na kukunja mashuka ya wodi zote, na msimamizi wao alikuwa mama mmoja mkali ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bi Funguo kwa sababu alitembea na rundo la funguo kiunoni, sabuni kaifungia, pasi kazifungia, hata choo kakifungia, na ukisikia zile funguo zinakuja unanyooka wima. Nimekua nikisikia habari za Bi Funguo kama watoto wengine wanavyosikia habari za zimwi. Sasa mama alipoanza kupotea njiani nilifunga geti, alipoanza kuchezea moto nilifunga jiko, nikafunga kabati la dawa na mlango wa nyuma, na kwa kuwa funguo zilikuwa nyingi na kila saa nazitafuta, nikazitia kwenye kamba nikazining'iniza kiunoni. Umeshanielewa. Tangu hapo, yapata miaka miwili, mimi kwake si mtoto, mimi ni Bi Funguo.

Kila asubuhi nikifungua mlango wake, mama yangu aliyenizaa anasimama kwa taabu, anaweka mikono nyuma, anainamisha kichwa na kuniambia, "Shikamoo, Bi Funguo." Mshauri, wewe ni mtu mzima, unajua uzito wa neno hilo. Naanzaje mimi kumwitikia mama yangu marahaba? Niliona ni kujitafutia laana kwa mkono wangu. Kwa hiyo sijawahi kuitikia hata siku moja, namwambia, "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Shikamoo, mama," na yeye haitikii, ananitazama kwa woga kama anayefanyiwa dhihaka na mkubwa wake wa kazi, basi shikamoo zote mbili zinabaki pale mlangoni hazina mpokeaji, na siku yetu inaanza hivyo, tumeshanuniana.

Halafu kuna mashuka. Akishakunywa chai anatandua vitanda vyote, anatoa foronya na mapazia anayoyafikia, anafunga mafurushi kwa kukutanisha pembe nne na kuyapanga mlangoni, na mashuka ambayo hajayalowesha anataka yakunjwe. Anashika shuka pembe mbili, analinyoosha kuelekea kwangu na kusimama pale katikati ya sebule ananingoja, anaweza kusimama robo saa nzima, na mimi nampita kwa pembeni kwa sababu nina kazi za watu. Namwambia, "Mama, umestaafu. Leo ni tarehe hii, mwaka huu, una miaka sabini na saba, hospitali walishakuaga." Nilisoma mahali kwamba ukimrekebisha mgonjwa wa namna hii kila siku akili haimpotei upesi, na mimi sipendi kumdanganya mtu mzima kana kwamba ni mtoto.

Sasa Ijumaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa na tasnifu ya mwanafunzi mezani, kurasa mia mbili na zaidi, zenye masahihisho ya mwalimu wake kwa kalamu, nakala hiyo hiyo moja, nikaingia kuoga dakika kumi, kumi tu mshauri, kutoka nakuta meza tupu. Kitambaa cha meza hakipo, karatasi hazipo, miwani yangu haipo. Alikuwa amekusanya pembe nne za kitambaa na kila kilichokuwa juu yake, akafunga furushi, na nilimkuta uani amechuchumaa kwenye beseni kubwa, sabuni mpaka kwenye viwiko, anazisugua zile karatasi ambazo zilikwisha kuwa uji, akainua uso akaniambia kwa furaha kabisa, "Hizi za wodi ya wazazi zilikuwa chafu mno, Bi Funguo, lakini zitatakata."

Sijui nilishikwa na nini. Miaka miwili nimekataa kuwa Bi Funguo, siku hiyo nikakubali. Nilipiga kelele nikamwambia, "Umefukuzwa kazi! Unanisikia? Umefukuzwa! Toka hapa, sitaki kukuona tena!" Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mama alinielewa. Alitoa mikono majini, akaifuta kwenye gauni lake taratibu, mkono mmoja, halafu wa pili, akainuka, akaingia ndani akaanza kufunga nguo zake.

Nikasema moyoni atasahau, anasahau kila kitu, amesahau kifo cha dada yake aliyemlilia wiki mbili, hili nalo litapita. Halikupita. Mchana nilimpelekea chakula akakisogeza akasema, "Chakula cha kazini ni cha wanaofanya kazi." Kisha akanishika mkono, akataka kupiga magoti nikamzuia, akaanza kuniomba. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, maana tangu Ijumaa yananirudia hata nikiwa naosha vyombo. "Bi Funguo, nisamehe. Najua ni kwa sababu ya mtoto. Najua umemwona kule nyuma ya mafurushi. Lakini hagusi kitu, nimemkataza kukohoa, akitaka kukohoa anaziba mdomo na shuka chafu, si safi. Ana pumu. Kule tunakopanga kuna unyevu, analala anakoroma kifua, humu ndani kuna joto la pasi, akikaa humu anapumua. Ana miaka sita tu. Usinifukuze kwa sababu yake. Kama tatizo ni yeye nitampeleka kwa dada yangu akakae huko, nitazoea, ila kazi niachie."

Mshauri, huyo mtoto ni mimi. Nilikuwa na pumu utotoni. Kaka alikuwa mkubwa, anakaa kwa mjomba kwa ajili ya shule, mimi ndiye niliyekuwa naye. Nakumbuka joto, nakumbuka harufu ya sabuni na kukaa chini kati ya vitu vikubwa vyeupe, ila maisha yangu yote nilidhani ni mchezo, nilidhani mama alinipeleka kazini kwa sababu alipenda nikae naye. Hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa ananificha. Hakuwahi kuniambia kwamba kila siku aliingia pale roho juu.

Leo ni Jumanne. Ananiomba kila siku, na kila siku anaahidi kunipeleka kwa shangazi, namaanisha mama mdogo, samahani nachanganyikiwa, kunitoa mimi ili nimrudishie kazi mimi. Chakula anachokubali ni vijiko viwili vya uji na chai kidogo, mkate anaupokea lakini hali, nimeukuta umefungwa kwenye kitambaa ndani ya furushi, nikamuuliza wa nani, akasema wa mtoto. Nimejaribu kumweleza ukweli. Nilimwambia, "Mama, hukufukuzwa, ulistaafu, uliagwa kwa heshima, ukapewa na saa ile ya ukutani." Akaitazama saa akasema, "Kumbe ile saa ndiyo ilikuwa ya kunifukuzia." Nikamwambia, "Mama, nilikuwa natania." Akasema, "Bi Funguo hatanii."

Jumapili nilimpigia kaka nikamwambia mama hali chakula, sikumwambia sababu. Akasema, "Dada, tuambiane ukweli, mama hayupo tena. Tuliye naye ni mwili tu. Usijiue kwa ajili ya mwili." Amepata nyumba ya kulelea wazee huko kwao, Jumamosi hii anakuja na gari kumchukua. Nilisema sawa. Na kwa kuwa nimeamua kukuambia yote, nilipokata simu nilijisikia mwepesi, nikalala mchana usingizi ambao sijaulala miaka minne, nikaamka nikiwa na aibu.

Najua utaniambia nimrudishe kazini kwa maneno tu, ni rahisi kusema. Nimesimama mlangoni pake mara nyingi nikitaka kusema hivyo, ulimi unakataa. Kwanza ni uongo, na naogopa kwamba nitamzidishia ugonjwa. Lakini zaidi ya hapo, nikikubali leo kwamba mimi ni Bi Funguo, nikaitikia marahaba, nikatoa amri za kazi, ni nani atabaki kuwa mtoto wake? Kwenye nyumba hii mimi tu ndiye ninayekumbuka kwamba ana binti. Nikiliacha hilo limekwisha. Nifanye nini, mshauri? Nimwache aende Jumamosi? Na kaka nimwambie nilichokifanya?

Ni mimi, Msimamizi Asiyetaka Cheo.

MSHAURI ANAJIBU

Haya mwanangu, nimefika mwisho wa barua kama ulivyoomba, sasa niache nihukumu. Ila kabla ya hukumu, daktari. Mama wa umri huo aliyekula vijiko viwili viwili tangu Ijumaa hahitaji mshauri wa gazetini, anahitaji kupimwa leo. Barua yako niliipata Jumatano, nikapiga namba uliyoiandika pembeni mara tatu, ikaita mpaka ikachoka, nikakuachia ujumbe. Kama ujumbe hukuuona na unasoma hapa kwanza, weka gazeti chini umpeleke. Waambie anakunywa maji kiasi gani, mkojo wake ukoje, mdomoni kuna kidonda au hakuna. Wagonjwa wa namna hii hawasemi naumwa hapa, wanaacha tu kula, na huenda kuna jambo la pili ambalo wewe hulioni kwa sababu umeshughulika kujilaumu kwa la kwanza. Mkirudi, endelea kusoma.

Umekosea, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini lile la Ijumaa ni kosa la nusu dakika, la mtu aliyebeba mzigo wa watu wanne peke yake miaka minne, na kazi yake imegeuzwa uji mbele ya macho yake. Hata mimi ningepiga kelele, tena majirani wangetoka nje. Kosa linaloniuma ni la miaka miwili. Kila asubuhi mama wa watu anasimama kwa magoti yake mabovu, anamwamkia mkubwa wake wa kazi, na mkubwa haitikii. Miaka miwili, mwanangu! Umewahi kumwamkia mtu akakunyamazia? Siku nzima unajiuliza umemkosea nini. Yeye amejiuliza hivyo kila siku, na Ijumaa ukampa jibu.

Laana gani hiyo unayoiogopa? Marahaba maana yake nimekupokea. Hakukuamkia wewe binti yake, alimwamkia Bi Funguo, na aliyekuwepo wa kuipokea salamu ya Bi Funguo ni wewe. Kuanzia leo itikia, tena kwa sauti. Halafu moyoni, kimya kimya, mwamkie wewe. Hakuna atakayekushtaki.

Na hili la uongo nimelicheka, ingawa si barua ya kuchekesha. Ijumaa ulimfukuza mtu kazi ambayo huna mamlaka nayo, katika hospitali usiyofanya kazi, kwa cheo cha mama mwingine. Huo haukuwa uongo? Ulipokuwa wa kumuumiza ulimi haukukataa. Sasa ni wa kumponya ndiyo umekuwa mtu wa kweli tupu. Acha kumsomea tarehe kila asubuhi. Mtu ameshalowa, wewe unamsomea hali ya hewa.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mume wangu, miezi tisa kabla hajafa, aliniita nesi. Mimi niliyeishi naye miaka thelathini na nane! Nikawa nabishana naye: mimi ni mkeo, nitazame vizuri, nesi ametoka wapi. Anaogopa, ananiomba radhi, kesho yake nesi tena. Siku moja nilichoka kubishana nikasema, "Ndiyo, baba, mimi ni nesi, nikusaidie nini?" Akanivuta karibu akaninong'oneza, "Nesi, nina mke mkali sana nyumbani. Usimwambie nimesema. Lakini mkimwita aje, nitapona." Miezi mingapi nilikuwa nimempotezea, nikigombania cheo cha mke, na yeye alikuwa ananitaja kila siku kwa yeyote ambaye angekubali kumsikiliza. Hakunijua tena mpaka alipofariki. Sikudanganyi kwamba wako atakujua. Hatakujua. Ugonjwa huu haurudi nyuma, na iko siku hata mashuka atayasahau, na Bi Funguo, na huyo mtoto, na siku hiyo utazililia hizi siku unazozichukia.

Lakini kwa sasa unauliza ni nani atabaki kuwa mtoto wake, na mimi nakuuliza, barua uliyoandika mwenyewe hukuisoma? Mtoto wake yupo. Ana miaka sita, ana pumu, amefichwa nyuma ya mafurushi, na mama yake anahifadhi mkate kwa ajili yake na kuupigia magoti ulimwengu mzima. Unalia hakuoni. Anakuona saa zote, mwanangu, ila anakuona kule, hakuoni hapa. Na wewe badala ya kusimama upande wa huyo mtoto, umesimama upande wa aliyemgundua.

Tena sikiliza jambo moja ambalo limekupita. Mama yako alifanya kazi pale miaka thelathini na moja. Yule Bi Funguo aliyekuwa anafungia hata choo, unadhani hakujua kuna mtoto anayekohoa kati ya mashuka yake? Miaka mingapi! Mimi nasema alijua. Alijua akanyamaza, akapita na funguo zake akajifanya hasikii. Zimwi lenu la utotoni lilikuwa na huruma kukushinda wewe, na hiyo ndiyo hukumu yangu, imekwisha, sitairudia.

Kuhusu kaka yako. Mwambie ulichokifanya, chote, kwa simu, leo, usimsubiri afike. Akikugombeza, agombeze, hata akikosea anafanya kazi ya kwanza ya mtoto katika miaka minne. Kisha mwambie mshauri amesema mwili mtupu haumwombi mtu kazi. Mwili mtupu hauweki mkate kwa ajili ya mtoto. Jumamosi asije na gari la kumbeba mama, aje na nguo zake za wiki moja, akae, aogeshe, alishe, aitwe jina lolote atakaloitwa, na wewe uende ukalale kwa rafiki. Baada ya hapo mpange zamu. Sina ugomvi na nyumba za kulelea wazee, wapo niliowaambia wapeleke wazazi wao na sijutii, na nawe huenda ukafika huko, utakapofika nitakuwa wa kwanza kukuambia usione haya. Ila si Jumamosi hii. Akiondoka Jumamosi anaondoka akiwa amefukuzwa, na kwa kuwa kichwa chake hakiwezi tena kubeba jambo jipya, atakaa amefukuzwa kwenye kitanda cha kigeni mpaka siku yake ya mwisho, anaomba kazi kwa kila anayepita na funguo. Hilo ndilo la kuzuia, na la kulizuia ni wewe tu.

Zile funguo usizitoe kiunoni. Leo ndiyo zitafanya kazi ya maana. Karatasi za watu zifungie kabatini kila unapoinuka, hilo nalo sijui kwa nini nikufundishe, umefungia moto, umefungia dawa, kazi inayokulisha umeiacha mezani. Huyo mwanafunzi mwombe radhi uso kwa uso, hasira zake pokea, ni haki yake. Mama mtengee mashuka matatu ambayo ni ya kazi, kila siku hayo hayo, safi au chafu haidhuru. Na akisimama katikati ya sebule ameshika pembe mbili ananyoosha kwako, wewe shika mbili zilizobaki. Hakuwa anakuzibia njia. Shuka la hospitali linakunjwa na watu wawili, mnavuta, mnakutanisha, mnasogeleana mpaka vidole vyenu vinagusana, halafu unamwachia. Mara ishirini kwa siku angekuwa anakusogelea mpaka vidole viguse, na wewe umekuwa ukimpita kwa pembeni. Dakika tano zako za kazi haziwezi kuwa na thamani kuliko huko kugusana.

Sasa inuka. Usivae vizuri, usifanye mazoezi mbele ya kioo, usisubiri ulimi ukubali, ulimi wako ulishaonyesha Ijumaa kwamba unaweza. Nenda mlangoni pake, funguo zisikike, simama wima. Atakuamkia. Itikia. Kisha mwambie maneno haya, yaandike kwenye kiganja kama unaogopa kuyasahau: "Nilikosea mimi. Kazi yako ipo, zamu yako inaanza sasa, chakula cha wafanyakazi kiko tayari. Na yule mtoto usimfiche tena. Mlete, akae pale penye joto, akohoe anavyotaka, mimi sina neno naye." Ukimaliza, usingoje jibu. Geuka uende jikoni, lia huku unampakulia.